Mito ya Mama

Jioni ile nilitakiwa kuripoti wodi ya wagonjwa wa moyo, zamu ya usiku, niwe chini ya nesi mzoefu mpaka yeye mwenyewe aseme naweza kuachwa peke yangu. Ushauri wake ulikuwa mmoja tu: lala mchana. Inaelekea hakuwahi kuishi Kariakoo. Chini ya dirisha letu spika ya muuza viatu ilirudia bei ileile tangu asubuhi, na wabeba mizigo walimtukana kila aliyewazibia njia. Nilitamani kushuka nikaikate ile waya.

Usingizi uliponigomea, nikahamia chumbani kwa mama, upande wa uani. Kitandani kwake mito ilikuwa imepangwa mmoja juu ya mwingine kama mgongo wa kiti. Nikaanza kuiondoa, mara nikajikuta naihesabu. Wiki nzima nilikuwa nikikariri maswali ya kumuuliza mgonjwa, na mojawapo ni hili: unalalia mito mingapi? Moyo ukichoka, maji hujaa mapafuni, na mtu akilala chali hukosa pumzi.

Na sisi tulivyokuwa tukimsifu! Kila aliyeamka usiku alimkuta ameketi kitandani, tasbihi mkononi. Majirani walisema amejaliwa ibada. Mimi nilijivuna kabisa.

Nikamfuata uani. Alikuwa anakuna nazi, akikuna kidogo anapumzika. Nikainua pindo la khanga, nikaubonyeza mguu wake. Kidole kikaacha shimo; mguu ulikuwa umejaa maji.

"Mama, usiku unaleta uradi au unashindwa kulala?"

"Yote mawili. Nikilala nazama, mwanangu. Nikaona nisikae bure."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na mitihani. Leo nayo siku yako ya kwanza, usiniharibie. Tutaenda kesho."

Niliogopa, na woga ukanitoka kama hasira. Nikavaa sare yangu ya kazi, kisha nikamvalisha baibui kwa nguvu, kama mtoto.

Tulianzia mapokezi ya dharura ya hospitali ninayofanya kazi. Jioni alipopandishwa wodini, wodi ileile ya zamu yangu, yule nesi mzoefu alimtazama, akanitazama, akavuta pazia.

"Huyu hutamhudumia wewe. Kasubiri nje na ndugu wa wagonjwa wengine."

Kwenye benchi la nje, mzee mmoja aliiona sare yangu akasogea.

"Nesi, samahani. Mke wangu yumo humo ndani. Anaendeleaje?"

Nilitaka kumwambia mimi si wa kuulizwa. Badala yake nikaangua kilio. Mzee akaketi sakafuni taratibu, akavua kofia yake, akaamini kwamba nimemjibu.