Sentensi Niliyoombea Ruhusa

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na desturi ya kuandika ubaoni fungu moja la maneno kila Jumatatu, nasi tulitakiwa kulitumia wiki nzima katika mambo ya kawaida: kuomba maji, kuazima wino, kumwambia mwenzako akusogezee benchi. Wiki ile aliandika *I would be grateful if*. Akatueleza kwamba Mwingereza akitaka kitu hakitaji papo hapo. Kwanza anakuambia jinsi atakavyoshukuru, ndipo anataja anachotaka.

Jioni hiyohiyo ikawa mchezo bwenini. Jirani yangu wa kitanda, msichana wa Mwandiga asiyejua kunyamaza, alinikuta nimeshika sabuni yake akasema, "Ndugu, *I would be grateful if* utaiacha sabuni yangu ipumue." Kesho yake shambani, tukipalilia mihogo ya shule, kila aliyechoka alitaka kubebewa jembe kwa maneno hayo. Hata kwenye foleni ya uji yalisikika. Nilicheka na wenzangu lakini sikuyatamka. Mimi ni mtu wa aibu. Nikiitwa darasani shingo inapata moto na ninachokijua chote kinakimbia. Safari hii nilijua lazima niyatamke, na si kwa mchezo, kwa sababu dada yangu alikuwa anaolewa na ruhusa ya kutoka shuleni kwetu inaombwa kwa Kiingereza.

Hilo la ruhusa sijalielewa mpaka leo. Kwenye kipindi cha siasa tunaambiwa tung'oe kasumba za mkoloni, na tunaitikia kwa nguvu. Kipindi kikiisha, mtu aliyefiwa na bibi yake anasimama mlangoni kwa mwalimu kutafuta Kiingereza cha kuombea ruhusa ya kwenda kumzika.

Kwetu ni Katonga, ufukweni mwa ziwa, na baba anavua dagaa. Dagaa wanavuliwa kwenye giza kwa taa za karabai. Mwezi ukiwa mkubwa hawazifuati taa, basi mitumbwi inavutwa ufukweni na wavuvi wanapumzika. Huo ndio wakati watu wa kwetu wanapooa na kuoza, na kuezeka nyumba zao. Kwa hiyo harusi ya kwetu haipangiwi tarehe, inapangiwa mwezi, na siku yenyewe inajulikana bwana harusi akishatia mguu nchi kavu. Bwana harusi wa dada alikuwa anatoka kusini kabisa mwa ziwa, kwa boti, na ziwa likichafuka watu wa huko hulala njiani. Akishaoa angeondoka na mkewe. Dada ndiye aliyenilea wakati mama alipokuwa akishinda mchangani kuanika dagaa. Ndiye aliyembembeleza baba mpaka akakubali niende sekondari. Sikujua nitamwona lini tena, na nilitaka niwepo siku ya nikaha yake. Sikutaka kingine.

Mwalimu aliyeshika mambo ya ruhusa muhula ule alikuwa huyohuyo wa Kiingereza. Ametoka mikoa ya kaskazini na ziwa letu analiona kwa mbali tu, kutoka huku mlimani iliko shule. Nilijifunza sentensi yangu bombani, nikichota maji ili sauti ya ndoo inifiche. Jumanne nikaenda mlangoni kwake. *I would be grateful if you would allow me to attend my sister's wedding.* Ilitoka yote, bila kukwama. Alifurahi kweli. Akaniuliza, kwa Kiingereza, ni tarehe ngapi. Nikajibu kwamba ni mwezi ukiwa mkubwa.

Akacheka. Si kwa ubaya, nadhani, ila alicheka. Akasema hajaona tarehe ya namna hiyo kwenye kalenda, na kwamba orodha ya ruhusa inafungwa Jumatano, basi nikaulize nyumbani nirudi na siku kamili. Nilitaka kumweleza habari ya karabai na mitumbwi na boti ya kusini, lakini Kiingereza changu kilikuwa kimekwisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa sentensi moja tu, nayo nilishaitumia. Nikasema asante nikaondoka. Jumatano ikapita. Hata ningepata njia ya kuuliza, nyumbani hawakuwa na siku ya kunipa.

Alhamisi alasiri baba mdogo alikuja kwenye uzio wa shule, amelowa jasho la kupanda mlima. Akaniambia: bwana harusi ameshuka mchana, nikaha ni kesho baada ya sala ya Ijumaa, dada anakuulizia. Nilikimbia. Mimi, ambaye hata kwenye mchakamchaka hukaa nyuma, nilikimbia mbele ya madarasa watu wakiniangalia. Nikamkuta mwalimu anafunga ofisi.

"Mwalimu, ni kesho. Harusi ni kesho. Naomba uniruhusu, nitarudi jioni."

"Sema inavyotakiwa," akaniambia.

Nikaisema inavyotakiwa. Niliisema nikilia, na bado sikukosea hata neno.

Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika kama fundi aliyeona mlango umekaa sawa. Kisha akasema orodha ilishakwenda kwa mkuu wa shule. Akasema angenielewa kama ningemwambia siku kamili mapema, na kwamba taifa linalotaka kujitegemea haliwezi kuendesha shule kwa kufuata mwezi. Sikumwambia kwamba sisi tunakula kwa kufuata mwezi. Hilo lilinijia baadaye kitandani, kama majibu yangu yote.

Ijumaa tulikuwa na Kiingereza kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana. Nilipoingia darasani niliiona ubaoni, kwa mwandiko wake mzuri wa kuinama. Sentensi yangu, yote, pamoja na harusi ya dada yangu. Akasema huo ndio mfano wa mtu anayetumia lugha katika maisha yake, akaniamuru nisimame niisome. Nikaisoma. Kisha akawataka wengine wabadilishe mwisho wake, mmoja mmoja, kwa kufuata madawati.

Wakaanza. Mmoja akaomba aruhusiwe kwenda kwenye mazishi ya mjomba. Mmoja akaomba kwenda sokoni Ujiji, mwingine kumtazama mbuzi wake mgonjwa, darasa likacheka, na mwalimu naye akacheka akamsahihisha. Mimi nilikuwa natazama dirishani. Adhana ya Ijumaa haifiki huku mlimani shuleni lakini jua linaonekana lilipo, na nilijua kwamba sasa wanaume wanajipanga msikitini na dada amekaa ndani, amefunikwa, na wanawake wanaulizana mdogo wake yuko wapi.

Zamu ikamfikia yule wa Mwandiga. Akasimama polepole, mikono nyuma. Hakuchekesha. Akasema, "*I would be grateful if you would allow her to go.*"

Mwalimu alimtazama, akanitazama mimi, akautazama ubao. Nilidhani sasa atasema neno.

"*Correct*," akasema. "Anayefuata."

Jumamosi dada akaja mwenyewe uzioni. Alikuwa amevaa doti mpya ya kanga, hina imekolea mpaka viganjani, na nyuma yake kwa mbali amesimama shemeji mmoja nisiyemjua, ndugu wa mumewe, anatazama njia ya Kibirizi ambako boti ilikuwa inawasubiri. Akanipitishia kibunda cha vitumbua kwenye nafasi ya uzio. Nikamwamkia, akaitikia.

"Nilimwambia mama," akasema, "huyu ataogopa kuomba. Atakaa tu huko anamwangalia mwalimu."

"Niliomba, dada."

"Uliomba?"

"Mara mbili."

"Haya, uliombaje?"

Nikamwambia nilivyoomba, kwa Kiingereza vilevile. Yeye aliishia darasa la nne. Alinitazama mdomo kama anahesabu maneno yanavyotoka, kisha akataka maana yake. Nikamwambia maana yake ni kwamba ningeshukuru sana kama angeniruhusu nihudhurie harusi ya dada yangu.

"Ulimwambia hivyo? Kwa adabu yote hiyo?"

"Hivyohivyo."

Akayatazama majengo ya shule nyuma yangu, moja baada ya jingine, kama anatafuta ni lipi analokaa mwalimu huyo.

"Mtu aliyeombwa hivyo hawezi kukataa," akasema. "Mdogo wangu, kama uliogopa sema tu uliogopa. Mimi sikasiriki."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, yote kwa Kiswahili, lugha ambayo sihitaji kujifunza bombani: tarehe, orodha, ubao, na yule wa Mwandiga. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia, shemeji akaita kwamba upepo unaamka. Dada akanibana vidole kupitia uzio, akaniambia nisome, nimwombee kwa Mungu, akageuka.

Vitumbua nilivigawa bwenini. Sikula hata kimoja. Kule anakokwenda, wakimuuliza kwa nini mdogo wake hakuonekana harusini, najua atawajibu kwamba ni mtoto wa aibu.