Ushuru Nilioomba: Kutoka Majengo Hadi Doldol

Mimi ni fundi wa viatu vya ngozi hapa Majengo, Nyeri. Mafundi wa mtaa huu tuko tisa, na tuna chama chetu kidogo. Mwaka huu, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, nilipeleka viatu vyangu Karatina siku ya soko. Nilitandika turubai langu karibu na mama mmoja aliyekuwa akimimina viatu vya plastiki kutoka kwenye gunia, vya kutoka ng'ambo, vyeusi na vinavyong'aa. Wazazi walivishika viatu vyangu, wakakunja soli, wakasifu ushonaji, kisha wakanunua vya gunia. Siwalaumu. Mzazi mwenye watoto wanne hanunui kiatu cha kudumu miaka mitatu, hununua cha kumfikisha mtoto langoni. Kufikia alasiri nilikuwa nimeuza jozi mbili.

Chama kilipokutana, kila mtu alikuwa na kilio kimoja: ngozi dukani imepanda tena. Mwenzetu mmoja akasema amesikia kwamba kule Laikipia ngozi mbichi inatupwa.

"Haiwezekani," nikasema. "Sisi tunaikosa, wao waitupe?"

"Basi nenda ukaone, Baba Nyambura," wakaniambia. Wakanichangia nauli na pesa kidogo za kununua ngozi.

Kuna jambo ambalo lazima niliseme mapema, maana bila hilo safari hii haitaeleweka. Miaka kadhaa iliyopita wananchi tuliitwa mjini kutoa maoni kuhusu kodi. Nilisimama, nikashika maikrofoni, nikaomba serikali itoze ushuru mkubwa ngozi mbichi inayouzwa nje ya nchi. Nilisema ngozi ya ng'ombe wetu ibaki hapa, itengenezwe hapa, nasi mafundi tuipate kwa bei nafuu. Nilipigiwa makofi. Sidhani kwamba ni maneno yangu yaliyoleta ushuru ule, wakubwa walikuwa na mipango yao. Lakini ulipokuja, nyumbani kwangu tulichinja jogoo.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka na jirani yangu anayepeleka kabeji Nanyuki kwa pikapu. Tulipita Kiganjo kukiwa na ukungu, na tulipofika Naro Moru jua lilikuwa limechomoza na Mlima Kenya ukawa wazi, theluji yake imebaki vipande vipande kama nguo iliyoliwa na nondo. Jirani yangu hakuutazama. Alikuwa akitazama mshale wa mafuta.

"Mafuta ikipanda, kabeji haipandi," akasema. "Mtu wa Nanyuki ananiambia, wewe lete, ama uache."

Alinishusha mjini, akaenda sokoni na kabeji zake.

Nanyuki, saa tatu. Nilikuwa nimeelekezwa kwa mfanyabiashara mmoja wa ngozi anayeitwa Haji Isak, ambaye ghala lake liko nyuma ya msikiti. Nilitarajia kulijua kwa harufu. Mtu aliyezoea ngozi huinusa akiwa mbali, chumvi na mafuta na uozo kidogo. Sikunusa chochote. Nilimkuta Haji mlangoni, mzee mrefu mwenye ndevu za hina, na nyuma yake ghala lilikuwa limejaa makatoni hadi darini.

"Karibu, fundi. Unatafuta ngozi? Umechelewa," akasema. "Sasa nimekodisha ghala. Hivyo ni viatu vya plastiki, vya watu wa Nairobi."

Tuliketi juu ya viti vya mbao, akaagiza chai ya tangawizi. Akanisimulia bila haraka. Alikuwa akikusanya ngozi kutoka Doldol, Isiolo na kwingineko, anazipaka chumvi, anazipanga, lori likijaa anazipeleka bandarini. Ushuru ulipowekwa, wanunuzi wa nje wakaacha kununua. Akageukia viwanda vya humu nchini vya kulainisha ngozi. Vilikuwa vichache, na ngozi za nchi nzima zilivimiminikia kwa pamoja.

"Ukiwa na mnunuzi mmoja tu, fundi, bei anaipanga nani?"

"Yeye," nikajibu.

"Yeye. Bei ikashuka hadi ikawa chini ya bei ya chumvi. Je, kuna mtu anayepaka chumvi kitu ambacho chumvi ni ghali kukipita?"

Nikamuuliza lililokuwa likinisumbua. Ikiwa ngozi mbichi imeshuka hivyo, mbona iliyolainishwa bado inapanda dukani kwetu Nyeri?

Haji akacheka kidogo, bila furaha. "Dawa za kulainishia hutoka ng'ambo, nazo zina ushuru wake. Umeme una kodi yake. Na mwenye kiwanda akishalainisha, anaiuza nje kwa bei nzuri, maana ushuru ni wa ile mbichi tu. Kwa nini akuletee wewe Majengo ununue vipande viwili?" Akaweka kikombe chini. "Walituambia ushuru huu ni wa kumlinda fundi wa Kenya. Mimi nikasema, basi, kama fundi ananufaika, ni riziki ya ndugu yangu. Hebu niambie, ulinufaika?"

Nikasema sikunufaika. Sikumwambia kuhusu maikrofoni. Nililala kwake usiku huo kwa ukarimu wake, na nililala vibaya.

Jumamosi, saa nne. Haji alimpigia simu mtu wake wa Doldol na kunipandisha katika gari la mfanyabiashara wa mbuzi. Ukitoka Nanyuki kuelekea kaskazini nchi hubadilika upesi. Nyasi hupungua, udongo huwa mwekundu, na nyaya za mashamba makubwa ya wanyama hukusindikiza kilomita nyingi upande mmoja. Baada ya Il Polei niliona ng'ombe wachache na mbuzi wengi. Mwenye gari alisema ukame wa juzijuzi uliwamaliza ng'ombe, na wakati huo ngozi zilikuwa zimelala kila mahali bila mtu wa kuziokota.

Mtu wa Haji alikuwa mwanamke, jambo ambalo hakuwa amenitajia. Jina lake Nasieku, lakini mjini pale wote humwita Mama Silantoi. Alikuwa na umri kama wangu, amevaa shuka nyekundu juu ya sweta, na shanga chache tu shingoni. Alinipokea kwa mkono imara.

"Karibu, fundi. Haji amesema wewe unashona viatu. Kuja uone duka yangu."

Duka lake lilikuwa banda la mabati karibu na kichinjio. Ndani mlikuwa na fremu za miti za kuwambia ngozi, zimeegemezwa ukutani, tupu. Zilikuwa nyingi. Kwenye kona moja palikuwa na magunia mawili ya chumvi iliyoganda ikawa jiwe. Mama Silantoi alinieleza kwamba alianza na fremu mbili baada ya mume wake kufariki, na akafika mahali pa kuwa na wanawake sita waliokuwa wakikwangua na kuwamba. Watu wa kichinjio walijifunza kuchuna kwa uangalifu bila kutoboa, kwa sababu ngozi isiyo na tundu ilikuwa na malipo yake.

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa wanachuna vile wanataka."

Alinipeleka nyuma ya kichinjio. Kulikuwa na korongo, na ndani yake ngozi zilikuwa zimerundikana, za ng'ombe na za mbuzi, nyingine zimekauka na kujikunja, nyingine bado mbichi na zimefunikwa na nzi. Mbwa walikuwa wakizivuta. Nilishuka mpaka ukingoni, nikaokota fimbo, nikafunua moja. Ilikuwa ngozi ya fahali, nene, safi mgongoni, isiyo na hata kovu la kupe. Nimekata ngozi miaka mingi na najua ninachokiona. Ile moja ingenitolea viatu vya darasa zima. Niliishika pembeni kwa kidole, ikachanika kama mkate uliolowa.

Mama Silantoi alisimama juu yangu, amejifunika pua kwa shuka.

Tuliporudi bandani alinipikia chai kwa maziwa ya mbuzi. Alipokuwa akiimimina, akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza habari za njiani:

"Fundi, wewe unatoka mjini, unasikia mambo. Hii ushuru, ni nani aliomba?"

Ningeweza kusema serikali. Usingekuwa uongo. Lakini harufu ya korongo ilikuwa bado kwenye nguo zangu.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi na wenzangu. Kulikuwa na mkutano Nyeri, nikasimama nikaomba ngozi isitoke nchini."

Aliendelea kumimina mpaka kikombe kikajaa. Akaweka birika chini.

"Wakati ulikuwa unaomba, ulikuwa unajua sisi tuko?"

"Nilijua ngozi inatoka mahali."

"Mahali," akarudia.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alitazama nje, mahali ambapo mbuzi walikuwa wakipita na vumbi lao, na mimi nikakaa na kikombe mkononi bila kuthubutu kunywa.

"Kunywa chai," akasema hatimaye. "Wewe ni mgeni."

Nilimwambia nimekuja na pesa za chama kununua ngozi. Nilisema nitachukua kumi nzuri kutoka kichinjioni siku hiyo, kwa bei ile ya zamani. Akatikisa kichwa.

"Utazilainisha wapi? Kiwanda haichukui kumi, inachukua lori. Zitaoza kwako badala ya kwangu. Na nikichukua pesa yako leo, nitawaambia nini wale akina mama sita? Warudi kwa kazi ya siku moja? Usininunulie kwa huruma, fundi."

Alikuwa amesema kweli. Ndipo akaniambia kuhusu binti yake. Silantoi alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu, na karo yote ilitoka kwenye zile fremu. Bei ilipoanguka mama aliuza mbuzi muhula mmoja, ukame ukaja, muhula uliofuata hakukuwa na mbuzi. Sasa Silantoi yuko kwenye shamba la maua upande wa Timau, anakata waridi.

"Atarudi chuo," akasema. "Nimemwambia asitupe vitabu."

Nilipokuwa nikiaga alinipa kibuyu cha maziwa ya mgando na sweta ya bluu, akaniomba nimpe Silantoi, ambaye Jumapili hupata mapumziko na kushuka Nanyuki.

Jumapili, saa sita mchana. Nilimsubiri karibu na stendi ya Nanyuki. Alikuja akitembea haraka, msichana mrefu mwenye macho ya mama yake, vidole vyake vimefungwa plasta mahali miiba ilipomchoma. Nilimkabidhi mzigo. Alifunua kibuyu, akanusa, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Mama alikuambia nitarudi chuo?"

"Aliniambia."

"Ye husema hivyo kwa kila mtu." Alifunga kibuyu vizuri. "Wenzangu watamaliza mwaka huu. Hata wameanza kupost picha za teaching practice, wakiwa mbele ya darasa." Kisha akaniuliza kwa adabu, "Na wewe mzee, safari yako ilienda poa? Ulipata ngozi?"

Nikamwambia sikupata. Akasema pole. Yeye ndiye aliyenipa pole mimi.

Nyeri, saa kumi jioni. Nilishuka mikono mitupu. Mke wangu alinitazama mara moja tu. Alinipashia maji ya kuoga, maana alisema ninanuka.

Jumatatu chama kilikutana katika kibanda changu, nikawasimulia yote kama nilivyowasimulia nyinyi. Mmoja alikasirika. Alisema kazi yetu ni kutetea fundi, mfugaji ana watu wake wa kumtetea. Nikamwambia nami niliwaza hivyo siku ile niliposhika maikrofoni. Nilidhani kila mtu akiomba lake, serikali itajumlisha, na jumla itakuwa haki. Sikujua kwamba aliye karibu na ukumbi huombwa maoni, na aliye mbali huletewa matokeo. Sisi tuliomba ngozi ifungiwe ndani bila kuuliza kama kuna mtu wa kuilainisha. Tulifunga mlango wa Mama Silantoi, na wetu haukufunguka.

Hata hivyo sikuwaambia tuombe ushuru uondolewe tu na mambo yaishe. Ukiondolewa kesho, huenda ngozi yote ikaenda nje tena na viatu vya plastiki vikabaki. Nilisema tuombe mambo mawili pamoja: mfugaji apate soko la ngozi yake, na pawepo mahali karibu pa kulainishia hata ngozi kumi, ili wa Doldol auze na wa Majengo anunue. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukakubaliana kuandika barua, na kwamba haitapelekwa kabla Mama Silantoi hajaisoma.

Niliiandika mwenyewe, kurasa mbili, kwa mwandiko wangu bora. Nyambura, binti yangu, akaipiga picha na kuituma Doldol kwa simu. Siku ya pili yake Mama Silantoi alinipigia.

"Fundi, nimesoma. Ni barua mzuri. Lakini hapa umeandika, 'wafugaji nao wameumia kidogo.' Hiyo neno 'kidogo' ni nani ameweka?"

"Ni mimi, mama."

"Toa."

Nikachukua kalamu, nikalikata akiwa bado anasikiliza. Kisha akaniomba nimsomee sentensi ile tena, nikamsomea, naye akasema sasa naweza kuweka jina lake chini ya barua.