Bahari Niliyoichanganya Kolwezi

Utafiti wangu unahusu tope jekundu, mabaki ya boksiti, mawe ya aluminiamu, baada ya kutolewa alumina kwa kostiki, ile ile wanayotengenezea sabuni. Tope hilo huunguza ngozi. Maji ya bahari yanaweza kulituliza: magnesi na kalsiamu zilizomo hushikana na ukali wa kostiki, kisha hutua chini kama unga. Kolwezi haina bahari, kwa hiyo niliichanganya mwenyewe kwa chumvi za aina mbalimbali, nikaijaza kwenye mabidoni, madumu ya plastiki, nyuma ya maabara.

Asubuhi moja, mimi na mwenzangu wa maabara tulikuwa tukihamisha pipa la tope lililotumwa kutoka ng'ambo, likapasuka. Maji mekundu yakaelekea mfereji unaopita chini ya ukuta. Upande wa pili mama jirani hulima lenga-lenga, mchicha wa huku kwetu, na maji ya kumwagilia huyachota humo humo, miguu mitupu.

Mwenzangu alikimbilia ndoo ya chokaa iliyo mlangoni. Katika mji huu wa shaba kinachomwagika huwa ni asidi, ambayo chokaa huituliza, na mkono huenda wenyewe.

"Acha!" nilimkemea. "Chokaa itaongeza ukali!"

"Lakini kila kitu hapa iko asidi, tata!" alibisha, akiniita baba kwa heshima.

"Hii haiko! Leta muchanga!"

Tukaziba mfereji kwa mifuko ya mchanga. Nilipochungulia juu ya ukuta, mama alikuwa ameinama majini na ndoo yake.

"Mama, toka mu maji!"

"Mi nitoke? Mufereji iko ya baba yako?"

"Iko kostiki, mama. Itakuunguza."

Hapo akatoka, kitenge kimekunjwa magotini. Nilimwomba anawe miguu kwa maji ya bomba, kwa maana sikuwa na hakika kwamba mchanga haukupitisha hata kidogo. Kisha tukamimina mabidoni yote kwenye maji tuliyoyazuia, tukayakoroga kwa koleo.

"Munamwanga nini tena?" aliuliza mama, aliyekuwa amezunguka ukuta kuja kwetu.

"Maji ya bahari, mama."

"Bahari ya wapi? Ilipitia Mutshatsha na treni?"

Mutshatsha ni kituo cha reli itokayo pwani. Mwenzangu alicheka, mimi sikuweza. Wekundu ulizama taratibu, na karatasi ya kupimia ukali, iliyokuwa zambarau, sasa ikatoka kijani, dalili kwamba ukali umetulia. Nilipima tena ukingoni, tena chini, tena upande wa pili wa ukuta. Kijani. Nikamwonyesha mama.

"Karatasi haina ngozi," alisema. "Weka mukono yako."

Nilisita. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi kuhusu usalama wa maji hayo, na hakuna hata moja iliyonitaka nitumbukize kiganja. Nikatumbukiza. Yalikuwa baridi, na chumvi ilinichoma penye mkwaruzo wa kidole, basi. Mama alikishika kiganja changu, akakisugua kwa dole gumba lake, akitafuta ule utelezi wa sabuni ambao kostiki huuacha kwenye ngozi.

"Haitelezi," alisema, akakiachia.

Hata hivyo chumvi ingeua lenga-lenga, nikamweleza kwamba maji hayo tutayachota yote, tuyarudishe kwenye mapipa, na kwamba leo asiuguse mfereji.

"Basi leo nyinyi ndiyo mutamwangilia."

Tukamwagilia, kwa maji ya bomba. Sikuwa nimezoea kazi hiyo, na nusu ya kila ndoo iliishia njiani, naye akihimiza kutoka kivulini: "Na ile tuta ya mwisho, mutaalamu!"