Pampu Haina Kikohozi

Ipo siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiiona pampu yako ya baiskeli imeanikwa juani hapo uani kama mihogo, naikumbuka kwa hasira.

Dada yangu Veronika, bibi yako mzaa mama, alishikwa na uchungu mchana. Tulikuwa tunakaa kijijini, upande wa Kaliua, na zahanati ilikuwa mbali. Nikamwambia shemeji, mumewe, atoe baiskeli. Gurudumu la nyuma halina upepo. Haya, lete pampu. Ilikuwa kama hii yako, ya kusimamisha chini, unakanyaga kitako chake na kusukuma mpini kwa mikono. Shemeji akasukuma, haikwenda. Akailalia kwa mwili wote, mpini umegoma.

"Umeifanya nini?" nikamuuliza.

"Shemeji, ilikuwa inakohoa. Nikaipa asali."

Asali, jamani! Yule bwana alikuwa mrina asali, kila kikohozi cha nyumba ile alikitibu kwa kijiko cha asali, basi na pampu nayo akaiona mgonjwa. Ningecheka, lakini Veronika alikuwa ameshika mlango, anauma kanga. Tukampakia hivyo hivyo, tukamsukuma mchangani kwa gurudumu lililolala. Hatukufika. Mama yako alizaliwa njiani, kando ya bani la kukaushia tumbaku, nikampokea mimi kwa mikono yangu hii. Walipona wote wawili, namshukuru Mungu. Mimi hasira sijapona.

Sasa na wewe! Mkeo mwezi wake ndio huu, pampu inakohoa, unaniambia, "Bibi, nitaiangalia." Lini? Utasema bodaboda zipo. Mvua ikishajaza maji ile mbuga ya njia ya zahanati, nionyeshe bodaboda itakayopita; baiskeli husukumwa hata majini.

Sikiliza basi. Pampu ikikohoa, ngozi yake ya ndani imekauka, upepo unatorokea pembeni. Fungua kifuniko cha juu, vuta chuma chake chenye ngozi mwishoni, futa mchanga wote. Ile ngozi ipake mafuta ya cherehani, uikandekande kwa vidole mpaka ilainike na kutanuka, ndipo urudishe. Usitie asali, wala mafuta ya kupikia, yataganda. Halafu iweke kivulini. Chai haitachemka kabla hujamaliza.

Mungu ampe mkeo uzazi mwema, mwanangu, na mtoto azaliwe kitandani, chini ya bati, mikononi mwa muuguzi. Mikono yangu hii imechoka, haiwezi tena kupokea mtoto mchangani. Mafuta yapo kwenye droo ya cherehani yangu. Haya, inuka.