Vyoo Visivyojaa

Wako watu hapa kijijini Lobule wanaosema kwamba Yugu aliua watoto. Hawasemi mbele yangu, wananijua. Jina langu ni Afisa, mke wa marehemu mdogo wake, na mdomo wangu hauna breki. Basi leo nasema mimi, na anayetaka kubisha asubiri nimalize.

Sulemani Yugu alikuwa mchimbaji. Kisima, choo, msingi wa nyumba, kaburi, chochote kinachoingia ardhini kilikuwa kazi yake. Baba yake aliwahi kuwa askari wa Mwingereza na alitaka kijana naye avae gwanda kama vijana wengine wa kabila letu la Kakwa, lakini siku ya kuandikisha jeshi walimpima wakaona kimo hakitoshi. Tulimtania maisha yake yote. Tulimwambia, "Shemeji, wewe ulikimbilia shimoni kwa sababu huko hakuna anayekupima." Alicheka kuliko sisi. Miguu matege, kifua kama mlango, na mikono ile, jamani, ukishikwa nayo unafikiri umeshikwa na gome la mti.

Mwaka wa sabini na tisa serikali ya watu wa kwetu ilipoanguka, na askari wapya wakaja huku kwetu na hasira zao, hakuna aliyeuliza nani alivaa gwanda na nani hakuvaa. Ukitoka West Nile, mkoa wetu huu, ulikuwa na hatia. Tulivuka mpaka kuingia Sudan na vyombo kichwani. Yugu alikuwa na mkewe, Margarita, Mkristo wa watu, mpole hata ukimkanyaga anakuomba radhi yeye, na binti yao mmoja, Zulaika. Watoto wengine walikuwa wamekufa wakiwa wachanga. Zulaika tu ndiye aliyebaki, na baba yake alimpenda kupita kiasi.

Tuliwekwa katika kambi moja nje ya mji wa Yei. Ardhi ya kule ni ngumu, mawe matupu, na vyoo walivyochimba watu vilikuwa vifupi vya kuzugia. Mvua ikanyesha, vyoo vikafurika, uchafu ukatembea kati ya mahema. Watu wakaanza kuhara. Margarita alihara kuanzia alfajiri, na kabla ya jua kuzama tulikuwa tumemfunika shuka. Yugu alikaa nje ya hema, hakulia. Alikuwa akitazama mikono yake.

Kulikuwa na mwalimu wa afya pale kambini, akipita na kipaza sauti: chimbeni virefu, choo kirefu ndiyo usalama. Kwa nchi ile alisema kweli, maana kule ungechimba mpaka uchoke na usione unyevu. Yugu alilishika neno lile kama mtu anavyoshika dini. Alichimba choo cha kwanza peke yake, akapasua mawe kwa mtalimbo, akaenda chini mpaka ukimwita unasikia sauti yake kama inatoka kijiji kingine. Kisha akachimba cha jirani, kisha cha jirani wa jirani. Hakudai kitu. Alisema, "Kama mimi ilichimba mbele, Margarita iko hai." Ndivyo tunavyosema sisi, Kiswahili chetu cha kambi na soko, usikicheke.

Tulirudi nyumbani mwaka wa themanini na sita. Nyumbani gani! Nyasi zilikuwa zimepita kichwa, nyumba hazipo, hata njia hatukuiona. Yugu hakujenga nyumba kwanza. Alishuka bondeni na sururu, akachagua mahali, akachimba kisima, na maji yakatoka karibu mno hata yeye mwenyewe akashangaa. Maji meupe, baridi, matamu. Wanawake tulipiga vigelegele. Mimi nilikunywa kata nzima nikaomba nyingine. Tukayaita maji ya Yugu, na jina likakaa.

Halafu akapanda juu mteremkoni, kwenye makazi yetu, akaanza vyoo. Kila nyumba alitaka iwe na choo, na kila choo kiwe kirefu kama kile cha kambini. Alikuwa akichimba mpaka anasimama ndani ya maji, halafu anatoka amelowa, anacheka, anasema sasa hiki kimefika. Tukawa tunasikia kitu kikianguka ndani, chubwi! Tulifurahi, nawaambia. Nani alikuwa na choo namna ile? Miaka ikapita na vyoo vya Yugu havikujaa. Kule soko la Koboko wanawake wa vijiji vingine walilalamika kwamba vyoo vyao vimejaa, waume wavivu, itabidi kuchimba upya. Sisi tulikuwa tunajibu kwa maringo, vya kwetu havijai. Mimi ndiye nilikuwa na maringo kuliko wote.

Zulaika aliolewa hapo hapo jirani, akazaa msichana, wakampa jina la Mariam Poni. Sasa ungemwona Yugu! Mtu mzima na mvi zake, anambeba mtoto mgongoni kwa kitenge, kama mama, watu wanacheka na yeye hajali. Mtoto alipoanza kusema, alimwita yeye kabla ya kumwita mama yake.

Kisha ukaja mwaka mmoja wa mvua, nadhani ni wa tisini, mvua isiyojua kupumzika. Watoto wakaanza kuhara, na wengine wakafa. Tulisema ni maembe mabichi. Tukasema ni unga wa msaada. Tukasema ni wale wakimbizi wa Kisudani waliokuwa wakipita na watoto wao, Mungu atusamehe, kama vile sisi hatukuwahi kuwa wakimbizi kwao. Kisima hakuna aliyekitaja. Maji yalikuwa meupe, unaona mpaka chini ya ndoo.

Ni Zulaika peke yake aliyepata wasiwasi. Alisikia kwa wanawake wa kliniki kwamba maji yachemshwe, yote, hata yakiwa meupe. Akaanza kuteleka sufuria jikoni. Siku hiyo nilikuwepo, nimekaa mlangoni nikichambua simsim. Yugu akaingia, akaona maji yanatokota na hakuna unga karibu. Akauliza ni ya nini. Zulaika akamwambia, "Baba, ni ya mtoto kunywa."

Shemeji yangu alibadilika uso. "Maji yangu? Unapika maji yangu kama maji ya mtaro?"

"Hapana, baba, wanasema tu..."

"Nani anasema? Walikuwa wapi wakati mimi iko ndani ya shimo? Unanitukana, Zulaika. Watu wakiona, watasema mtoto wangu mwenyewe hanywi kisima changu."

Binti wa kwetu habishani na baba yake. Aliipua ile sufuria, akamwaga maji nje, mbele yake, ili aone. Yugu akatulia, akamwomba kikombe cha maji ya mtungini, akanywa, na Mariam Poni akanywa mabaki.

Sijui kama ni maji yale au mengine. Lakini mtoto aliugua wiki ile ile.

Wenye akili walituambia tumpe maji ya chumvi na sukari. Yugu alikoroga mwenyewe, katika kikombe chake, kwa maji ya kisima chake. Hakumwachia mtu yeyote kijiko. Alimpakata mtoto, anamnywesha, anamwambia, kunywa, mama yangu, kunywa maji ya babu. Na mtoto alikunywa, maskini, alikuwa na kiu. Kadiri alivyokunywa ndivyo alivyozidi kuhara. Tulimfunga mgongoni kwa Zulaika, wakapanda baiskeli yeye na mumewe kwenda hospitali Koboko, na walirudi kabla ya kufika. Niliwaona kwa mbali, mume anasukuma baiskeli kwa miguu, Zulaika anatembea nyuma yake. Nikajua.

Baada ya mazishi ndipo alipokuja kijana wa idara ya maji kutoka Arua, Amandu, kwa pikipiki. Alikuwa ameletwa na habari za vifo. Alichukua maji ya kisima kwa chupa ndogo, akaondoka, na aliporudi tulikusanyika wote, Yugu amekaa mbele. Kijana alisema maji yale yana kinyesi. Watu wakapiga kelele. Yugu akasimama akasema haiwezekani, hapa kila nyumba ina choo, hakuna anayekwenda porini.

Amandu akauliza kwa upole, "Mzee, vyoo vina miaka mingapi?"

Tukajibu sisi wanawake, kwa maringo yetu yale yale. Toka tulipotoka Sudan. Na havijajaa!

"Havijajaa," akasema. "Sasa vitu vyote vile vinakwenda wapi?"

Kijana akaonyesha kwa mkono, taratibu, kutoka makazi yetu juu mpaka kisimani chini. Akaeleza kwamba maji ya chini ya ardhi hutembea, na yale Yugu aliyokuwa akisimama ndani yake kule chooni ndiyo hayo hayo tuliyokuwa tukichota bondeni. Akasema choo cha huku kisifike kwenye maji, kiwe kifupi, na kikijaa kifukiwe.

Nilimtazama Zulaika. Alikuwa akimtazama baba yake, na baba yake alikuwa anatazama chini. Zulaika akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Nilikuwa nimeshayaweka motoni." Akainuka, akaenda zake. Kuanzia siku hiyo hakumsemesha tena.

Yugu alifukia vyoo vyote kwa mikono yake, nyumba hadi nyumba, kwingine akitukanwa. Mama mmoja aliyefiwa alimrushia jivu usoni, akajifuta, akaendelea na koleo. Kisima alikifunika kwa magogo na miiba, akasema atakifukia kiangazi. Baadaye mradi fulani ulichimba bomba la mkono karibu na shule, mbali kidogo. Yugu akatafuta baiskeli kuukuu. Kila asubuhi alifunga jerikeni nyuma, anasukuma mlima ule, anaishusha mlangoni kwa Zulaika, anaondoka. Zulaika alikuwa anangoja aondoke ndipo atoke kuichukua. Aliyatumia maji, alipikia wadogo zake Mariam Poni waliozaliwa baadaye. Lakini neno hakutoa. Miaka! Nilimgombeza, nikamwambia, huyu mzee atakufa na wewe utalia. Alinijibu, "Mama mdogo, kila nikifungua mdomo naona ile sufuria."

Mimi nikadhani huo ndio uchungu wote uliokuwepo. Siku moja nikapita bondeni kutafuta mbuzi, nikamkuta shemeji yangu amesogeza miiba. Ameinama na kopo, anakunywa kwenye kile kisima.

Nilipiga ukelele. "Shemeji! Wewe iko na wazimu?"

Akapangusa ndevu. "Mama Soka, usipige kelele." Soka ni mwanangu wa kwanza, ndivyo alivyoniita siku zote. "Yale ya bomba ni ya Zulaika na watoto. Mimi nilimnywesha Poni haya kwa mkono wangu. Nani mimi niyakatae?"

Nililia, nikamtukana, nikamvuta shati. Alikuwa akinywa hayo tangu mtoto azikwe. Nilikimbia kwa Zulaika nikamwambia. Alikuwa anapeta unga. Hakuacha kupeta. Alisema, "Mwache anywe."

Basi akanywa. Na mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, jerikeni haikuletwa. Jua likapanda, Zulaika akatoka mlangoni, akatazama njia, akaingia, akatoka tena. Mwishowe alikuja kwangu, hana kanga kichwani. "Mama mdogo, baba yuko wapi?"

Tulimkuta kwenye kibanda chake, sakafu imelowa, macho yameingia ndani kama ya Margarita kule kambini. Mikono ile imekuwa laini, ngozi ukiivuta inabaki imesimama. Zulaika aliwasha moto. Alichemsha maji ya bomba yaliyobaki kwake, akayapoza kwa kumimina kutoka kikombe hadi kikombe, akatia chumvi na sukari, akaketi chini na kumlaza kichwa mapajani pake.

"Kunywa, baba," akamwambia. "Ni mimi."

Alifungua macho. Naapa alimwona. Kijiko cha kwanza alikimeza, tena kwa shida, na cha pili kikashuka kidevuni. Zulaika akamfuta kwa kiganja, akachota kingine. Akawa anamsemesha sasa, maneno mengi, ya miaka yote ile. Alimwambia watoto wanaitaka baiskeli yake, alimwambia paa lake linavuja, kwa nini hakusema, na kwamba kesho atahamia kwake. Maji yalikuwa yakitoka pembeni mwa mdomo, yanamlowesha Zulaika gauni.

Nilimshika mkono. Nikamwambia, basi, mwanangu, amekwenda. Akautoa mkono wangu polepole, akachota kijiko kingine.