Folda ya Misiba

Siku yangu ya kwanza kazini nilitaka kufuta kitu. Nilikuwa nimetoka chuoni, nimepangiwa ofisi moja ya mbegu huko Uyole, Mbeya, na kompyuta ya wahasibu ilikuwa inajikokota. Nikamwambia Mkuu wa TEHAMA kwamba nifute mafaili ya zamani tupate nafasi. Akaniondoa kitini bila ugomvi.

"Binti, hapa tunapima kwanza. Ukishapima, fungua uone. Ukishaona, kamuulize mwenye nayo."

Ndivyo tulivyofanya kazi. Unabofya folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, unachagua sifa zake, unasubiri namba iache kupanda. Nyinyi vijana hamwezi kusubiri, ndiyo shida yenu. Jina la folda halikwambii chochote: niliwahi kukuta "Barua Ndogondogo" imesheheni sinema za mapigano za mlinzi.

Nilipohamia Iringa, kwenye hospitali moja ya kanisa, nilidhani nimeshaona yote. Sikuwa nimeona kitu.

Asubuhi moja mtaalamu wa eksirei alinijia mbio. Seva, yaani kompyuta kuu inayotunza picha zote, ilikuwa imejaa, na mashine imegoma. Kitandani alilala mfugaji kutoka Usangu aliyepigwa nyonga na dume la ng'ombe, na bila picha daktari asingethubutu kumgusa. Mganga Mfawidhi, mkubwa wetu, akaja kusimama nyuma yangu, akaniambia nitafute folda kubwa kuliko zote nifute.

Nikapima. Namba ikapanda, ikapanda. Folda zote za eksirei kwa pamoja hazikuifikia moja tu, iliyoitwa Misiba. Nikadhani kompyuta imerukwa na akili, nikapima tena. Ile ile.

Pale kwetu mtumishi akifiwa, au akifariki mwenyewe, hospitali hutoa gari, na Vumilia, karani wa masjala, huenda na kamera. Anarekodi yote: ibada, kwaya, rambirambi, udongo, mpaka watu wanaponawa mikono, kisha video zote anaziweka kwenye seva. Nani angemwambia apunguze msiba wa mwenzake?

"Futa yote," alisema Mganga Mfawidhi.

Nikamkumbuka mkuu wangu wa Uyole, nikafungua. Ndani kulikuwa na folda zenye majina ya watumishi, na iliyozidi zote ilikuwa na jina la huyu aliyesimama nyuma yangu. Mazishi ya mama yake, kule Kilolo. Nikamwonyesha kwa kidole. Nikamuuliza kama ana nakala nyumbani. Hana. Na flashi tulizokuwa nazo zisingeibeba.

Aliitazama ile namba. Nilitegemea aseme tuanze na za wengine, maana wakubwa niliowazoea wangefanya hivyo.

"Anza na yangu, Mama Neema," alisema. "Za wengine kawaulize wenyewe. Mama yangu hawezi kumzibia njia mgonjwa."

Nilibofya. Nafasi ikapatikana, picha ya nyonga ikapita, na yule mfugaji baadaye aliondoka kwa magongo. Mganga Mfawidhi hakuitaja tena siku ile. Mimi mpaka leo nikiikumbuka mwili unanisisimka.

Siku ya kustaafu, nikikabidhi ofisi, nilipima seva kwa mara ya mwisho. Ndani ya Misiba nikakuta folda yenye jina langu. Moyo ulinipiga paa, maana tangu nifike Iringa sijawahi kufiwa. Ukubwa wake: sifuri. Nikamfuata Vumilia masjala.

"Kamwene, mama," alinisalimia kwa Kihehe, hana hata wasiwasi. Akanieleza kwamba siku hizi kila mtumishi humtengenezea ya kwake mapema. "Siku yenyewe nitakuwa nalia, mama. Sitakuwa na akili ya kuanza kutafuta pa kuweka."

Nikarudi kwenye seva. Miaka yote nilikuwa napima za watu, kumbe yangu ipo pale inanisubiri. Ningeweza kuifuta kabla sijarudi nyumbani kwangu Soweto, Mbeya, na vidole vilishafika kwenye mausi. Sikuifuta. Nilirudi masjala nikamwomba Vumilia kitu kimoja: siku yangu ikifika, apige picha moja tu, tena ndogo.