Mabawa ya Dakota

Mjomba wangu anaitwa Dakota, na tafadhali usicheke. Jina hilo alilipata jandoni, katika pori la Nanganga, enzi za East African Airways. Siku moja ndege ya Mtwara kwenda Nachingwea ilipita chini kabisa, wavulana wakalala chali kuitazama. Siku ya kutoka kumbini kila mmoja alichagua jina jipya, naye akachagua Dakota, akiamini ndiyo aina ya ndege ile. Jina lake la utotoni lilizikwa hukohuko. Hata mimi mpwa wake silijui, na kwetu kulitamka ni tusi.

Sharifu, mwenzake wa kumbi, naye aliiona ndege ileile. Mjomba alishikilia kwamba mabawa yalikuwa chini ya madirisha, kama ya Dakota. Sharifu alisema yalikuwa juu. Utasema ni ubishi wa kijinga, lakini ungeamuliwa na nani? Mambo ya kumbini hayasemwi mbele ya wanawake wala watoto, na waliowalea huko wameshatangulia. Kisha, kwenye harusi moja, Sharifu akaropoka, "Basi hata jina lako la uongo!" Mjomba akaacha pilau yake akaondoka. Hawakusemeshana tena, miaka nenda miaka rudi, na mimi nikamchukia Sharifu kwa niaba yake.

Mwaka huu tukasikia Sharifu anaumwa sana. Mjomba akajifanya hakusikia, akaendelea kupalilia mikorosho yake hapa Kitangari.

Jioni moja mjukuu wake Shakila, binti anayependa habari za ndege za zamani, akatuonyesha picha kwenye simu.

"Babu, hii ndiyo Dakota. Mabawa chini. Abiria wa katikati akichungulia, anaona bawa tu. Hii nyingine ni Fokker Friendship, nayo ilikuwa inakuja huku kusini. Mabawa yake yako juu, kwa hiyo abiria aliona ardhi yote."

Mjomba akaisukuma simu pembeni. Nilijua kilichomchoma. Kila tulipokuwa sisi wawili tu, alinisimulia juu ya mama wa kilemba cheupe, aliyekaa katikati ya ndege ile, akiwachungulia kutoka dirishani. Kwenye Dakota bawa lingemficha.

"Mbona umenuna, Babu?"

"Macho yananiuma," akasema. Angemwambia nini mtoto wa kike?

Kesho yake tulipanda basi hadi Masasi, tukaunganisha hadi Nanganga. Hamida, mke wa Sharifu, alitupokea mlangoni.

"Karibu, shemeji. Amekuulizia sana."

Akatuingiza chumbani kwa mgonjwa, akarudi uani. Sharifu alikuwa amekonda, nikaona aibu kwa chuki yangu yote. Mjomba hakukaa.

"Mabawa yalikuwa juu," alisema. "Ulikuwa mkweli. Sasa jina langu la uongo, na lile la zamani haliwezi kurudi. Nikifa mimi, watasema amekufa nani?"

Sharifu akamshika mkono, akamvuta mpaka akaketi kitandani.

"Mjinga wewe. Iliyopita ilikuwa Friendship. Dakota ni wewe."

Mjomba akaangua kilio, mtu mzima yule, na mimi nikageukia ukutani. Sharifu akakusanya pumzi aliyobaki nayo, akaita kwa nguvu hadi uani.

"Hamida! Mletee Dakota maji, katoka mbali."